Mkebe wa Ami: Fidia ya Asbesto kwa Waliofanya Kazi Kwenye Mitambo ya Umeme

Ami yangu, Mungu amrehemu, aliporudi Unguja kutoka Uingereza mwaka 1989 alishusha bandarini masanduku mawili na mkebe mmoja wa biskuti uliofungwa kwa kamba. Masanduku yalifunguliwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa yalikuwa na zawadi za watu, lakini mkebe ulipandishwa juu ya kabati na ukakaa huko zaidi ya miaka ishirini bila ya mtu kuuliza una nini. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za mshahara za kila wiki, kitambulisho cha chama cha wafanyakazi, na karatasi iliyoandikwa nambari yake ya bima ya taifa ya Uingereza. Naandika haya kwa sababu mkebe ule ndio uliotupatia haki yake, na kwa sababu najua wako wazee wengine katika visiwa vyetu waliofanya kazi ng'ambo kama yeye, ambao karatasi zao zimeliwa na mchwa au zimewashiwa moto wa kuchomea taka.

Kazi yake, kuanzia mwaka 1966 hadi 1974, ilikuwa katika kituo cha kufua umeme kwa makaa ya mawe, kaskazini mwa Uingereza, akiajiriwa na mkandarasi wa kufunika mabomba. Katika kituo cha namna hiyo maji huchemshwa ndani ya boila, na mvuke wenye joto la zaidi ya digrii 500 hupitishwa kwenye mabomba mazito hadi kwenye tabaini inayozungusha jenereta. Bomba lisipovishwa kitu cha kuzuia joto, mvuke hupoa njiani na anayelipita karibu huungua. Kwa miongo mingi vazi hilo lilikuwa asbesto, madini ya ardhini ambayo yakipondwa huchambuka kuwa nyuzi kama za sufi, hayashiki moto, na bei yake ilikuwa rahisi. Ilikuwamo kwenye mabomba, kwenye kuta za boila, kwenye gasketi na vizibo vya vali, na hata ndani ya makabati ya swichi za umeme. Kwa hiyo aliyeivuta haikuwa lazima awe fundi wa kufunika mabomba. Fundi wa umeme aliyekuwa akipita chini yake, mfagizi, na mchomaji vyuma, wote walikuwa katika hewa moja.

Ami alinieleza jinsi walivyokuwa wakikoroga unga wa asbesto kwa maji ndani ya pipa, kwa mikono, mpaka uwe kama ugali mwepesi, kisha wakiupaka juu ya bomba. Uliokuwa mbichi haukuwa na madhara makubwa. Balaa lilikuwa pale mfuko mkavu ulipofunguliwa, na zaidi wakati wa matengenezo ya kila mwaka, kifuniko cha zamani kilipovunjwa kwa nyundo na msumeno. "Mwanangu," aliniambia, "jua likiingia dirishani ulikuwa huoni mwenzako, unaona vumbi linang'ara tu." Vijana wanagenzi wakifinyanga madonge ya ile asbesto na kurushiana wakati wa mapumziko. Alipolisimulia hili alicheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu.

Ninachotaka msomaji akishike ni kwamba vumbi hili halimuui mtu siku ile. Nyuzi zake ni nyembamba mno kiasi kwamba hupita puani, hupita kooni, na kutua katika vifuko vya mwisho vya mapafu, ambako mwili hauwezi kuziyeyusha wala kuzitoa. Humo hukaa miaka ishirini, thelathini, arubaini na zaidi. Wengine hupata asbestosi, yaani makovu yanayokakamaza mapafu mpaka mtu akashindwa kupanda ngazi; wengine hupata saratani ya mapafu; na wengine mesothelioma, saratani ya utando unaoyavika mapafu au tumbo, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na asbesto. Sigara haina mkono katika mesothelioma, ingawa mtu aliyevuta sigara na asbesto pamoja hatari yake ya saratani ya mapafu huwa kubwa kupindukia. Ami alivuta sigara tangu ujana wake, na jambo hili lilitutia hofu bure, kwa sababu maradhi yake hayakuwa ya sigara.

Alianza kubanwa na pumzi mwaka 2013. Katika hospitali moja alipigwa picha ya kifua, ikaonekana upande mmoja umejaa maji, na bila ya kuulizwa hata mara moja alikuwa akifanya kazi gani, akaanzishiwa dawa za kifua kikuu ingawa makohozi yake hayakuonesha vijidudu. Simlaumu sana daktari yule. Kifua kikuu kipo kwetu na asbesto haimo katika mawazo ya mtu. Lakini maji yalitolewa, yakarudi, yakatolewa tena, na miezi ikapita. Mpwa wetu mmoja, muuguzi, ndiye aliyemuuliza barazani, kama mtu anayepiga soga, "Kule Ulaya ulikuwa unafanya nini hasa, babu?" Baada ya jawabu lile tulimvusha Dar es Salaam, akatolewa kipande cha nyama katika utando wa mapafu, na maabara ikaandika neno ambalo hatukuwahi kulisikia: mesothelioma.

Neno lile kwenye karatasi lina uzito wa kisheria kuliko nilivyodhani. Sheria ya Uingereza inampa aliyeumizwa na kazi miaka mitatu ya kufungua madai, lakini miaka hiyo haihesabiwi tangu alipovuta vumbi; huhesabiwa tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kuwa ana maradhi makubwa yanayotokana na kazi ile. Mtu aliyeacha kazi 1974 anaweza kabisa kuwa ndani ya muda katika mwaka 2014. Wengi hudhani mlango umeshafungwa zamani, nao haujafungwa.

Kuna njia zaidi ya moja. Ya kwanza ni kumdai mwajiri kwa uzembe, na hapa historia ipo upande wa mfanyakazi, maana hatari haikuwa siri. Mwaka 1924 alifariki huko Rochdale mwanamke aliyekuwa akisokota nyuzi za asbesto kiwandani, Nellie Kershaw, na daktari aliyempasua aliandika juu ya mapafu yake katika jarida la kitabibu. Mwaka 1931 Uingereza ikaweka kanuni za vumbi kwa viwanda vya asbesto. Mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake wakachapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, wengi wao waliowahi kuishi au kufanya kazi karibu na machimbo ya asbesto ya Afrika Kusini. Ami aliajiriwa miaka sita baada ya hapo na hakupewa hata kitambaa cha kufunika pua.

Ila mkandarasi wake alikuwa ameshafilisika. Hapo ndipo inapoingia bima: tangu mwaka 1972 waajiri wa Uingereza wanalazimika kuwa na bima ya dhima kwa wafanyakazi, yaani ya kumlipa anayeumia kwa kazi yao, na kampuni ya bima hubaki na deni hata mwajiri akifa. Ipo ofisi ya kutafutia bima hizo za zamani, na nambari ya bima ya taifa huwezesha kuomba orodha ya waajiri wote wa mtu tangu mwaka 1961. Kwa mesothelioma, sheria ya mwaka 2006 inamruhusu mgonjwa kumdai mmoja tu kati ya waajiri waliomweka katika vumbi na kulipwa fidia yote. Huyo mmoja atajuana na wenzake. Sisi bima hatukuipata. Tulichoegemea ni mpango ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014, unaogharamiwa na kampuni za bima, kwa wagonjwa wa mesothelioma waliogunduliwa kuanzia tarehe 25 Julai 2012 ambao mwajiri wao na bima yake havipatikani. Mpango huo hauwahusu wenye asbestosi, jambo ambalo naliona ni dhuluma, kwani vumbi ni lile lile.

Mwenye asbestosi anayeshinda madai anaweza kuchagua kulipwa kiasi kidogo sasa na kubakisha haki ya kurudi mahakamani maradhi yakigeuka saratani. Mwenye saratani ya mapafu aliyekuwa akivuta sigara anaweza kupunguziwa. Katika kesi moja ya fundi wa boila mwaka 2005 jaji alikata asilimia 20. Na mwenye mabaka tu kwenye utando wa mapafu, yasiyomletea dhiki, halipwi Uingereza yenyewe tangu hukumu ya mwaka 2007, lakini Scotland walitunga sheria yao mwaka 2009 ya kumlipa.

Waliofanya kazi Marekani njia yao ni nyengine. Kampuni ya Johns-Manville, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika biashara hii, iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 1982 kwa wingi wa madai, na kutokana na yake na ya wengine imezaliwa mifuko ya amana inayowalipa wagonjwa bila ya kesi, kwa kutazama ugonjwa, mahali pa kazi na bidhaa zilizotumika.

Na aliyefanya kazi hapa hapa nyumbani? Mambo ya kazi si ya Muungano, kwa hiyo asichanganye. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, ni wa waajiriwa wa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake, zikiwamo ya Ajira Nambari 11 na ya Usalama na Afya Kazini Nambari 8, zote za mwaka 2005, na wa kuulizwa ni Kamisheni ya Kazi. Vijana wetu siku hizi wanaujua umeme kuwa ni waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba tangu mwaka 1980, lakini mashine za dizeli za zamani, popote zilipo, mara nyingi zilivishwa asbesto kwenye mabomba ya moshi, na wanunuzi wa vyuma chakavu huzibandua kwa shoka. Anayekutana na kitambaa cheupe kinachochambuka asikate wala asifagie. Alirowanishe vumbi na aondoke, aite wanaojua.

Jambo la mwisho ni zito kwetu. Ami alifariki alfajiri na tukamzika baada ya Adhuhuri, kama ilivyo mila. Lau asingekuwa na majibu ya maabara kabla ya hapo, cheti cha kifo kingeandikwa maradhi ya kifua, na ushahidi ungezikwa naye, kwa kuwa kule Uingereza kesi za namna hii mara nyingi hukamilishwa kwa uchunguzi wa maiti, ambao sisi hatuupendi. Kisha ikaja mirathi. Fidia inayomhusu marehemu mwenyewe ni mali yake na hugawiwa warithi, na tulipitia kwa Kadhi na Kamisheni ya Wakfu. Lakini ile wanayodai waliokuwa wakimtegemea, kwa sheria ya Uingereza, hupimwa kwa utegemezi na si kwa mafungu ya mirathi. Ndugu wawili walikasirikiana kwa hili mwaka mzima kabla hawajaelezwa tofauti.

Fedha zilipoingia, mjane wake, ambaye sote tunamwita Mama Mkubwa, alinunua tangi la maji na akatengeneza paa. Alipokuwa akinionesha tangi aliniuliza kama ni kweli kwamba vumbi lile hukaa kwenye nguo. Miaka yote minane yeye ndiye aliyekuwa akizikung'uta ovaroli za ami mlangoni, kila Ijumaa usiku, kabla ya kuziroweka. Nilimwambia kweli. Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja kupiga picha ya kifua, na safari hii daktari alipouliza habari zake, tulianza na ovaroli.