Maji ya nguo lazima yapate pa kutokea

"Mvua yaja! Anueni nguo!"

Sauti ya Mama ilinipata ndani ya chandarua, na kabla sijajua niko wapi, miguu ilikuwa ishapanda ngazi hadi darini. Ni Mei, masika yenyewe, na hapa Kibokoni, Mombasa, mtu hulala sikio moja likiwa juu ya paa. Nikayakumbatia mashuka, leso na kanzu za kaka yangu, matone ya kwanza yakaniwahi mlangoni. Miaka tisa sikuwa nimeanua nguo. Manchester ninakoishi sianiki kitu nje, basi hata cha kuanua sina.

Binti ya kaka yangu anaondoka Septemba kwenda kusoma hukohuko Uingereza. Nimeiona orodha yake ya safari: makoti mawili, soksi za sufu, bizari, tende, vyeti vya shule. Kila jirani ameongeza lake. Habari ya kukausha nguo haimo, kwa kuwa hapa kwetu jua huimaliza kazi hiyo kabla ya adhuhuri na hakuna anayeifikiria. Mimi pia niliondoka bila kuambiwa. Haya basi namwandikia yeye, na kila ambaye sanduku lake liko karibu kufungwa.

Msimu wangu wa kwanza wa baridi nilikodi chumba cha mita 3 kwa 4. Kazi yangu ni kutunza wazee, na sare lazima ifuliwe kila siku. Nikafanya anachofanya mtu yeyote wa pwani akishikwa na baridi: nikafunga dirisha, nikaziba hata upenyo wa chini ya mlango kwa taulo, nikazitandaza nguo juu ya radieta, yale mabamba ya chuma ya ukutani yanayopitisha maji ya moto. Asubuhi kioo cha dirisha kilikuwa kikitiririka maji kwa ndani. Nikakifuta, nikaenda kazini, nikarudi, nikaanika tena. Miezi mitatu hivyo hivyo.

Februari nikalisogeza kabati. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa umeota kuvu nyeusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa magoti. Ndani, rafu ya chini kabisa, ndipo nilipokuwa nimeweka doti ya leso ambayo Mama alininunulia Biashara Street siku mbili kabla sijasafiri. Pindo lote la upande wa ukutani lilikuwa limetapakaa vidoa vyeusi, vidogo kama mbegu za mchicha. Nilizifua mara tatu, kwa sabuni ya mche, kisha kwa ndimu na chumvi. Uvundo ulitoka. Madoa yapo mpaka leo. Nilikaa kitandani nikalia.

Kilichotokea ni hesabu tu, na ningeijua mapema leso zangu zingekuwa salama. Nguo za kujaza mashine moja, hata zikisha kukamuliwa na mashine yenyewe, hubaki na maji kama lita 2. Maji hayo yakitoka kwenye nguo huingia hewani. Na hewa ina kipimo chake: ya nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi za mvuke kwa kila mita moja ya ujazo. Chumba changu kilikuwa na mita 30 za ujazo. Piga mwenyewe: ni nusu lita, na hapo chumba kimejaa pomoni. Ile lita moja na nusu iliyozidi ilikwenda kwenye kioo, kwenye ukuta wa baridi nyuma ya kabati, kwenye leso. Joto nililokuwa nikililipia lilikuwa likiyatoa maji kwenye sare na kuyapeleka ukutani.

Kwa hiyo la kwanza ni dirisha, na hapa ndipo mpwa wangu alipokataa kunielewa.

"Shangazi, nifungue dirisha na nje kuna nyuzi tano?"

Fungua, mwanangu. Hewa ya baridi, hata siku ya manyunyu, ina mvuke mchache mno. Kwa nyuzi 5 haishiki hata gramu 7. Ikiingia ndani ikapata joto la nyuzi 20, imekuja na nafasi ya gramu kumi mikononi mwake. Ile hewa nzito iliyolala chumbani ndiyo unayoitaka itoke. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni, dirisha wazi kabisa, kisha lifunge. Kuta hazipoi kwa dakika kumi. Mlango wa chumba chenye nguo ufungwe muda wote, la sivyo mvuke utajitembelea hadi chumba cha kulala.

Lakini akiba kubwa iko kabla hujaanika. Mashine nyingi za kule zina mzunguko wa 1,200 au 1,400 kwa dakika wa kukamulia. Taulo na jinzi mimi huzizungusha mara ya pili, kavu kavu bila maji, na umeme unaotumika ni mdogo sana ukilinganisha na wa kuyafukuza maji hayohayo kwa joto. Nguo laini ambazo zisingestahimili hivyo huzitandaza juu ya taulo kavu, nikaviringisha pamoja kama mkeka, nikakanyaga kwa miguu mitupu kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine. Ukifungua, taulo imenyonya na buibui ni chepechepe tu, haidondoki tena.

Kuanika nako kuna namna yake. Mashati kwenye henga, vifungo wazi. Jinzi zigeuzwe ndani nje, zining'inizwe kwa miguu, mifuko itokeze kama masikio. Kati ya nguo na nguo pawe na upana wa kiganja. Ukishindwa kupata nafasi hiyo, umefua nyingi mno. Fua chache, fua tena kesho kutwa. Nguo iliyokaa siku mbili mbichi huvunda, na ikishavunda haina dawa ila kufuliwa upya.

Sasa mashine. Mwaka wa pili nilinunua mashine ya kunyonya unyevu, iliyotumika. Mpya ya kawaida huenda pauni 100 na ushei, na kwa mwanafunzi si pesa ndogo, ila wanne wakiishi nyumba moja wanaweza kuchanga. Yangu hula wati 200. Ikifanya kazi saa 6 ni yuniti 1.2, na kwa bei ya peni 25 hivi kwa yuniti ni peni 30 kwa mzigo mzima. Kianikio cha umeme cha wati 300, ukikiacha saa 8, ni yuniti 2.4, yaani peni 60, na maji yote bado unabaki nayo chumbani. Ile mashine ya kukaushia ya aina ya zamani hula yuniti 4 hadi 5 kwa mzigo mmoja: pauni nzima na zaidi. Baadhi ya nyumba za kupanga zina mita ya kulipia kabla, kama tokeni zetu, kwa hiyo hesabu hizi utaziona zikishuka kwa macho yako.

Mashine ya kunyonya unyevu iweke katika chumba kidogo, dirisha limefungwa (ikiwa inafanya kazi, dirisha halifunguliwi), feni ndogo ikipuliza kwenye nguo. Mara ya kwanza nilipolichomoa tangi lake nilisimama nalo jikoni kwa muda, limejaa hadi karibu na ukingo. Maji meupe, safi kabisa ukiyatazama. Ndiyo niliyokuwa nikiyavuta kwa pua kila usiku wa mwaka uliotangulia.

Usije ukawasha hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi, wala jiko la makaa, ati ukaushe nguo. Gesi ikiungua hutoa mvuke zaidi, na yote mawili yanaweza kutoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Na kuvu si jambo la leso tu. Rochdale, jirani kabisa na Manchester, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020 kwa maradhi ya kifua yaliyotokana na kuvu ya nyumba aliyoishi. Wazazi wake walikuwa wamelalamika. Sheria yenye jina lake ilianza kutumika Oktoba 2025, na inawabana wamiliki wa nyumba za kijamii, yaani za halmashauri na mashirika ya makazi, kuchunguza na kurekebisha hatari kama hiyo kwa muda uliowekwa. Nasema hivi kwa sababu mwenye nyumba wangu aliniambia kuvu imeletwa na maisha yangu. Dirisha nililifunga mimi, hilo nakubali. Lakini feni ya kutoa hewa bafuni haikuzunguka tangu siku niliyohamia, na kuta hazikupata joto la kutosha hata siku moja. Piga picha siku ya kwanza unapokabidhiwa funguo. Andika barua pepe, usiseme kwa mdomo tu.

Jana nilitaka kumwonyesha Mama ujuzi huu. Mvua inanyesha, mimi nafungua madirisha ya ukumbini.

"Mbona wafungua, na nje kwarowa?"

Alikuwa na haki. Hewa ya Mombasa mwezi huu imebeba gramu 20 na zaidi kwa kila mita ya ujazo. Ukiikaribisha ndani inakuja na maji yake. Hapa kinachokausha ni upepo. Mama amefunga kamba ukumbini, toka ndoano ya mlango hadi ndoano ya dirisha, na feni ya kusimama inazipuliza nguo kwa ubavu. Chetezo kiko tayari pembeni lakini hakijatiwa kaa. "Nguo haifukizwi mbichi," anasema. Udi juu ya unyevu huacha harufu mbili zinazogombana.

Leso yangu ya madoa niliivaa usiku. Mama alilishika pindo, akalisugua kwa kidole gumba, hakusema neno.

Mpwa wangu ndiye aliyeanika leo, peke yake, kwa masharti yote: mifuko nje, vifungo wazi, kiganja kati ya nguo na nguo. Baada ya Isha akaja kutangaza kwamba zimekauka. Mama akainuka, akapitisha mgongo wa mkono kwenye kola ya shati la kwanza, kisha akaingiza vidole kwapani.

"Hapa bado bichi. Rudisha feni."

Akairudisha.