U-852: saa imekubali, ramani isubiri

Safu ya saa kwenye jedwali langu la U-852, nyambizi ya Ujerumani ya Vita Kuu ya Pili, hatimaye imetulia. Nyambizi yenyewe ilifanya safari moja tu ya vita: iliondoka Kiel 18 Januari 1944 chini ya Heinz-Wilhelm Eck, ikazamisha meli za Peleus 13 Machi na Dahomian 1 Aprili, kisha 3 Mei ikakwama pwani ya Somalia, jirani na Bandar Beyla, baada ya kushambuliwa na ndege za kivita aina ya Wellington. Mistari michache, lakini saa zake ni balaa.

Daftari la nyambizi liliandikwa kwa saa za Ujerumani, bahari yoyote iwayo. Ukitoa saa moja unapata GMT (saa za Greenwich), na hadi Machi kila kitu kinalingana. Lakini 3 Aprili 1944 Ujerumani iliingia saa za kiangazi, yaani saa zilisogezwa mbele kwa saa moja, zikawa GMT+2. Kwa hiyo Dahomian inatolewa moja, mapigano ya Mei yanatolewa mbili, ndani ya safari ileile! Kwa nyambizi za awali ni kero zaidi: tangu 1 Aprili 1940 hadi 2 Novemba 1942 saa za kiangazi hazikuondolewa, hata Desemba.

Excel haiyajui haya. Python, lugha ya programu, inayajua, mradi uandike jina la ukanda wa saa, Europe/Berlin, si +1 kavu. Saa zihifadhiwe kama maandishi, la sivyo jedwali linajirekebishia tarehe bila kuulizwa. Saa ya Kiswahili iingie safu ya mwisho kabisa.

Hakimu ni jua. Peleus ilizama karibu na 2° Kusini, 10° Magharibi. Jioni ile jua lilitua huko kama 18:50 GMT, yaani 19:50 kwenye saa ya nyambizi. Bandar Beyla 2 Mei lilichomoza kama 02:20 GMT, nyambizini 04:20. Mstari unaosema giza wakati jua liko juu una kosa la ukanda wa saa.

Ramani ya njia ndiyo ilikuwa ifuate; imewekwa kando, kwanza safu ya jua ijazwe kwa kila shambulio. Hesabu ya miraba, ambayo jeshi la majini la Ujerumani liliitumia kutaja mahali baharini, ipo tayari: tarakimu nne baada ya herufi mbili, kila moja 1 hadi 9 kuanzia pembe ya kaskazini-magharibi, hatua za maili 162, 54, 18 na 6, kisha ongeza 3 kupata katikati. Ni maili za baharini. Latitudo haisumbui, longitudo igawanywe kwa kosaini ya latitudo, maana kwenye 60° maili 6 ni dakika 12 za longitudo.