Fomu ya mkopo na cheki namba

Leo mchana maafisa mikopo wa benki walikuja ofisini kwetu.

Taasisi ni ya umma, lakini humu tuko watu wa aina mbili. Kuna walioajiriwa kwa masharti ya kudumu, na kuna sisi wa mkataba tunaoongezewa miezi mitatu mitatu. Kazi ni ileile.

Fomu zikagawiwa. Mzee wetu dereva, anayetubeba usiku kucha safari za mikoani, akavaa miwani akaanza kujaza kwa herufi kubwa: jina, kituo cha kazi, cheo.

Alipofika kwenye cheki namba, ile namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara ya serikali, kalamu ikasimama.

"Mimi hiyo sina, mwanangu."

Kijana wa benki akamjibu kwa heshima, "Basi mzee wangu, mfumo hautakubali."

Akaikunja fomu mara nne, akaitia mfuko wa shati. Alitaka kuezeka nyumba tu, si kingine.

Imeniuma sana. Wenzetu wa kudumu wanakatwa asilimia 5 ya mshahara kwenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, mwajiri anawaongezea 15. Sisi hapa tunalipwa posho, hatuwekewi chochote. Siku mzee huyu akiachia usukani, ataondoka na nini?

Ndugu zangu mlio kwenye taasisi nyingine, kuna aliyetoka mkataba akaingia ajira ya kudumu? Ilibidi aombe upya kupitia Sekretarieti ya Ajira na kufanya usaili, au mwajiri alimwombea kibali?

Niandikieni hapa chini. Kesho nitamsomea mzee.