Maporomoko yenye ratiba

Jamani, nimerudi nyumbani nimelowa chapachapa na bado nacheka.

Asubuhi tulipanda treni Roma hadi Terni, kisha basi hadi maporomoko ya Cascata delle Marmore, kwenye bonde la mto Nera, Italia. Kufika, naona mwamba na maji yanachuruzika tu. Shemeji akanitazama kama vile nimemtapeli nauli. Kumbe maji ya pale yana ratiba! Saa nyingi huelekezwa kwenye mitambo ya umeme, halafu king'ora kinalia, yanaachiwa. Dakika chache tu ule uzi ukageuka ukuta mweupe unaonguruma, mita 165 kwa ngazi tatu. Hamsikilizani hata mkipigiana kelele.

Na wala si ya asili. Warumi walichimba mfereji mwaka 271 K.K. kukausha kinamasi cha mto Velino, wakayaelekeza maji gengeni yaangukie Nera.

Tukapanda vijia hadi Balcone degli Innamorati, yaani roshani ya wapendanao. Unapita pangoni kwenye giza, unatokea mbele ya maporomoko yenyewe, unapigwa manyunyu usoni hadi kope zinashikana. Koti langu la plastiki la bei chee lilichanika kwapani papo hapo. Mapenzi gani hayo, sijui.

Mchana tukashuka Nera kwa boti la mpira. Maji baridi kama ya friji. Shemeji, aliyeapa hapandi, ndiye alikaa mbele na kasia, akitupigia amri wote.