Usiku wa Pili Ndani ya Liemba

Mwaka 2004 nilipangiwa kufundisha historia katika shule moja ya sekondari wilayani Nkasi, nami nikaenda kwa treni kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kisha nikapanda Liemba, meli ya abiria ya Ziwa Tanganyika, kuelekea kusini. Nilikuwa na tiketi ya daraja la tatu, sanduku la bati, na daftari la chuoni lenye habari za ofisa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza aliyeitwa Geoffrey Spicer-Simson, ambaye nilikuwa nimemwandikia insha ya mwaka wa mwisho. Nilikuwa nimekusudia kuwafundisha wanafunzi wangu habari zake kama shujaa wa Ziwa Tanganyika.

Kwenye sitaha ya nyuma nilikaa karibu na mzee aliyekuwa akirudi kwao Kirando. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na tulipozoeana akanieleza kwamba ujana wake wote aliumalizia katika chumba cha mashine cha meli hiyohiyo, tangu enzi za mvuke hadi ilipofungwa injini za dizeli miaka ya 1970. Aliijua meli ile kama mtu anavyomjua ng'ombe wake. Alinisimulia jinsi Wajerumani walivyoiunda Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia katika masanduku yapatayo 5,000 na kuileta kwa reli ileile niliyokuwa nimeipitia, hata ikashushwa majini Kigoma mwezi Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen.

Usiku wa pili, abiria wengi walipokuwa wamelala juu ya magunia ya dagaa, nilitoa daftari langu ili nami nimwonyeshe ninachokijua. "Haya, mwalimu, tusomee," alisema, akajifunga shuka vizuri.

Nilianza na kuzaliwa kwa Spicer-Simson huko Tasmania mwaka 1876 na kuingia jeshini akiwa na miaka 14. Nikamweleza kuwa alipima mto Yangtze huko China na mto Gambia, kazi ambazo kwa maoni yangu alizifanya vizuri kuliko vita. Mzee alitikisa kichwa kwa heshima, kwa sababu mtu wa meli humthamini sana anayepima kina cha maji. Lakini nilipofika kwenye mikosi yake alianza kucheka. Ofisa huyo alibuni njia ya kunasa nyambizi kwa kunyoosha kamba kati ya manowari mbili, na katika jaribio hilo nusura aizamishe nyambizi ya Waingereza wenzake. Safari nyingine aliipandisha manowari ufukweni, na nyingine tena aligonga boti na mtu akafa. Mwezi Novemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeanza, manowari Niger, iliyokuwa chini yake, ilipigwa topido na Wajerumani karibu na mji wa Deal wakati yeye mwenyewe yuko nchi kavu hotelini. Wakubwa wake wakampa meza ya ofisini.

"Na mtu huyo ndiye waliyemleta huku?" mzee aliuliza.

Ndiye. Mwindaji wa tembo aliyeitwa John Lee aliwapelekea wakuu wa jeshi la majini wazo la kuleta boti mbili ndogo ziwani ili kupambana na meli za Wajerumani. Maofisa waliofaa zaidi walikuwa baharini, basi kazi ikamwangukia huyu wa mezani. Alitaka boti hizo ziitwe Paka na Mbwa, wakubwa wakakataa, ndipo akazipa majina ya Kifaransa, Mimi na Toutou. Hapo mzee alinikatiza. Alitaka nirudie jina la kwanza, nikarudia, naye akacheka hadi mama mmoja aliyelala karibu akatukemea. "Yaani hata boti ilikuwa inasema mimi, mimi!" alinong'ona, akipangusa macho.

Nilimsomea jinsi boti hizo zilivyoondoka Uingereza mwezi Juni 1915, zikafika Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume katika Kongo, kisha zikavutwa kwa mashine za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba. Katika daftari langu sehemu hiyo ilikuwa na mistari miwili tu. Mzee aliing'ang'ania. Ni nani waliokata miti? Ni nani waliojenga madaraja, ambayo yalizidi 100? Mashine zilipokosa maji, ni nani waliyaleta? Nilijibu kwamba vibarua Waafrika walifyeka njia na wanawake wa vijiji vya huko walibeba maji vichwani. Aliniuliza majina yao. Niligeuza kurasa mbele na nyuma, ingawa nilikuwa najua kwamba sikuandika hata jina moja.

Basi nikaharakisha kufika vitani. Tarehe 26 Desemba 1915, karibu na Lukuga, upande wa Kongo, boti za Waingereza ziliiteka Kingani, meli ya Wajerumani, ndani ya dakika chache tu, nayo ikarekebishwa na kuitwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann. Wakati huo Spicer-Simson alikuwa akivaa sketi kambini na kuonyesha michoro ya nyoka aliyochanjwa mwilini, na inasimuliwa kwamba wenyeji walimwita Bwana Kifunga-tumbo. Siku iliyofuata ilitokea Götzen yenyewe, ikiwatafuta wenzake. Wanamaji wa Spicer-Simson walitaka kuifuata, lakini yeye akakataa.

Niliyasoma hayo kwa sauti ya kulaumu. Mzee alipiga ukuta wa meli kwa kiganja. "Hii hapa ndiyo aliyoikimbia," alisema. Kisha, kinyume na nilivyotarajia, akamtetea. Boti zile zilikuwa na urefu wa meta 12 hivi, na meli hii ina zaidi ya 70, tena wakati huo ilikuwa na mzinga mkubwa uliotoka kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg. Kwa mzee, siku ile ndiyo pekee ambayo ofisa yule alifanya kama nahodha. Sikukubaliana naye kabisa, kwa kuwa miezi michache baadaye, mbele ya ngome ya Wajerumani huko Kasanga, alisita tena na adui wakatoroka usiku. Lakini sikuwa na jibu kuhusu hizo meta 12.

Götzen haikuzamishwa na Mwingereza yeyote. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, wakiwa wamezipaka mashine zake grisi nzito zisishike kutu, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. "Grisi," mzee alisema, akanyamaza kidogo.

Tulipokaribia Kirando honi ililia na mitumbwi ikaanza kutuzunguka gizani, watu wakiitana majina na kurushiana kamba. Mzee aliniuliza iwapo yule bwana alipewa meli nyingine. Nilimwambia alipewa nishani, akapandishwa cheo, akawa mkalimani katika mkutano wa amani wa Versailles, kisha tangu mwaka 1921 akawa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya ramani za bahari huko Monaco.

"Kwa hiyo walimrudishia meza," alisema.

Nilimshikia mzigo hadi mlangoni, akashuka mtumbwini bila kusaidiwa na mtu. Kisha nikarudi kwenye sanduku langu, nikaomba kalamu kwa kijana mmoja, na pembeni mwa ile mistari miwili ya Mitumba nikaandika maswali matatu ya mzee.