Sista aliyelala kwenye kitanda cha mgonjwa

Juzi, sokoni Mbuyuni, mkokoteni ulipita nyuma yangu gurudumu likilia, na kabla sijageuka nikawa nimeshamkumbuka Baba akiwa wodini, akiniuliza kwa ukali ni nani aliyeufunga mfereji wa kihambani, yaani wa shamba letu la nyumbani.

Ilikuwa Julai, Moshi ina baridi, na moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Mchana alikuwa Baba yule yule ninayemfahamu. Usiku, kwa kukesha mfululizo, alichanganyikiwa na kulitafuta jembe chini ya kitanda. Nilipoomba apewe dawa ya usingizi, daktari alinieleza kwa upole kwamba dawa za jamii ya diazepamu humwongezea mzee hatari ya kuanguka, na huweza kukuzidisha kuchanganyikiwa kule kule nilikokuwa nakuogopa.

Kisha akaingia zamu sista mmoja wa makamo. Alimwamkia, akavuta kiti, akamuuliza, “Mzee wangu, usiku ni kitu gani kinachokuamsha?” Baba alinyamaza kidogo, kisha akahesabu kwa vidole: taa, troli, kupimwa presha, haja ndogo. Nilidhani sista angeyaandika tu kwenye faili. Badala yake alivua viatu, akatandika shuka safi kwenye kitanda kilichokuwa wazi pembeni, akalala chali, kichwa mahali pale pale kinapokaa kichwa cha mgonjwa. Mwanga wa taa ya mrija ulimpiga usoni, akakunja uso, lakini hakujigeuza. Troli ya dawa ilipita koridoni ikilia. Mlango wa choo ukabamizwa. Simu ya ndugu wa mgonjwa fulani ikaita hadi ikakatika. Baba aliinua shingo kumtazama, na kwa mara ya kwanza tangu alazwe nilimwona amesahau maradhi yake. Sista aliendelea kulala pale, macho yameelekea darini, mpaka nikaanza kuona haya kwa niaba yake. Hatimaye akasema, “Mzee, hapa hata mimi nisingepata usingizi.” Baba akajibu, “Asante, mwanangu,” kwa sauti ya mtu ambaye hatimaye ameaminiwa.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Fundi wa umeme aliitoa stata, kile kidude kinachoiwezesha taa ya mrija kuwaka, ya taa iliyokuwa juu ya Baba na kuiacha ile ya mlangoni, ili wauguzi waendelee kuona. Gurudumu la troli likatiwa mafuta. Daktari aliihamisha dawa ya kutoa maji mwilini kutoka jioni hadi asubuhi na, kwa kuwa hali ilikuwa imetulia, akakubali presha ipimwe kwa wakati mmoja na kutoa dawa. Asubuhi tulimtoa barazani aote jua, kwa sababu mwanga wa mchana ndio unaoirekebisha saa ya mwili, ambayo hudhoofika uzeeni. Kitambaa cha kufunika macho alikikataa, akisema anayefunikwa uso ni maiti. Hakuna aliyemlazimisha, na nafikiri hilo nalo lilikuwa sehemu ya tiba.

Baba alianza kulala, na mfereji haukutajwa tena. Hata hivyo siwezi kuapa kwamba ni usingizi uliomrudisha, maana moyo nao ulikuwa ukitibiwa. Mwaka 1999 Sharon Inouye na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na zaidi: kati ya waliopata uangalizi maalumu, asilimia 9.9 walichanganyikiwa ghafla, ikilinganishwa na asilimia 15 ya wengine. Uangalizi huo ulihusisha kinywaji cha moto kabla ya kulala, kukandwa mgongo na kupunguza kelele, lakini pia kutembezwa, kunyweshwa maji ya kutosha na kusaidiwa kuona na kusikia, hivyo ni vigumu kusema usingizi peke yake ulichangia kiasi gani.

Mwaka uliofuata nilikwenda kumjulia hali jirani aliyelazwa katika wodi ile ile. Taa ilikuwa inawaka juu ya kitanda, sista alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine, na jirani yangu, mzee wa rika la Baba, alinilalamikia kwamba halali. Nilimweleza muuguzi wa zamu habari ya stata. Alinisikiliza kwa adabu, akaahidi kumwambia fundi, nami sikupata ujasiri wa kumwomba alale kwanza pale.