Daraja la Mezani

Tarehe 7 Juni mwaka 2025 ilikuwa sikukuu ya Idi el-Hajj, na nyumba yetu ya Temeke ilijaa wageni tangu swala ilipokwisha. Kufikia jioni sinia la pilau lilikuwa limebaki ukoko na watoto wamelala ovyo mikekani, nami nilikuwa nimejibanza kwenye kona ya kibaraza na simu mkononi, nikitazama fainali ya Kombe la Challenge la raga ya ligi ya Uingereza, iliyokuwa ikichezwa Wembley. Timu yangu, Hull Kingston Rovers, ilikuwa nyuma kwa 6-2 dhidi ya Warrington na zilibaki dakika chache mno. Mpira wa chini ukapenya nyuma ya mabeki wa Warrington, Tom Davies akauwahi na kuugandamiza ardhini kwa trai ya pointi 4, kisha Mikey Lewis akapiga mkwaju wa nyongeza kutoka pembeni, nao ukapita katikati ya milingoti. Nane kwa sita. Nilipiga ukelele ambao ulimtoa shangazi jikoni mbio, akidhani tumepata habari ya msiba.

Lile lilikuwa kombe kubwa la kwanza la klabu hiyo tangu mwaka 1985. Miezi minne baadaye waliifunga Wigan 24-6 katika fainali kuu ya Super League, ligi kuu ya mchezo huo nchini Uingereza, pale Old Trafford, na kwa kuwa walikuwa wameongoza pia msimamo wa ligi, walikamilisha makombe yote matatu ya msimu mmoja. Nimefurahia jambo hilo kwa muda mrefu, na bado ninalifurahia. Hata hivyo, kadiri ninavyoitafakari njia ambayo Rovers waliipita hadi kufika pale, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba viongozi wa mchezo huu nchini Uingereza wamewafungia klabu nyingine njia hiyohiyo, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Niwaeleze kwanza wasomaji wanaoijua raga ya wachezaji 15 tu, ile inayochezwa hapa mjini na kwa majirani zetu Kenya. Raga ninayoizungumzia ni ile ya ligi, yenye wachezaji 13 kila upande, ambamo timu yenye mpira inaruhusiwa kukabwa mara 6 kabla ya kuuachia kwa wapinzani. Nilikutana nayo nilipokwenda kusoma masuala ya usafirishaji wa mizigo katika mji wa bandari wa Hull. Basi lililonipeleka liliingia mjini kwa barabara iitwayo Clive Sullivan Way, na nilipouliza huyo Sullivan alikuwa nani, nikaambiwa kwamba alikuwa mchezaji mweusi kutoka Cardiff aliyezichezea klabu zote mbili za mji, na kwamba mwaka 1972 aliiongoza Uingereza kutwaa Kombe la Dunia la raga ya ligi akiwa nahodha. Nilikuwa nimeketi dirishani na sanduku langu miguuni, na tangu wakati huo sikuuona mji ule kuwa wa kigeni kabisa.

Hull umegawanywa na mto. Magharibi ni Hull FC, klabu ya familia za wavuvi, na mashariki ni Rovers, klabu ya makuli wa bandarini, ambao jezi yao ni nyekundu na nyeupe. Mimi ni mtoto wa kuli wa bandari ya Dar es Salaam na ni shabiki wa Simba, kwa hiyo sikuhitaji kushawishiwa na mtu.

Asili ya mchezo wenyewe ndiyo iliyonishika zaidi. Katika karne ya 19 wachezaji wengi wa raga wa kaskazini mwa Uingereza walikuwa wafanyakazi wa migodi na viwanda vya nguo, na kwa kuwa Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, kila aliyekwenda kucheza alikatwa ujira wake. Klabu zao ziliomba ruhusa ya kuwafidia kwa muda huo walioupoteza kazini, lakini chama cha raga kilichoongozwa na watu wenye nafasi zao kilikataa, kikidai kwamba mchezo ni wa kupenda na si wa kulipwa. Ndipo tarehe 29 Agosti mwaka 1895, katika hoteli ya George mjini Huddersfield, klabu za Yorkshire na Lancashire zilipoamua kujitenga na kuunda chama chao. Nilipomsimulia baba habari hiyo kwa simu alikaa kimya kidogo, kisha akanikumbusha wiki aliyopondwa kidole na sanduku la mizigo lililokatika kamba, akarudi nyumbani kitambaa kimelowa damu, na mwisho wa mwezi siku zake zote za kuugua zikawa zimekatwa. Huyu ni mtu aliyekua akisikia wazee wa bandarini wakisimulia migomo ya makuli ya mwaka 1939, 1943 na 1947. Hakuhitaji kufafanuliwa kwa nini wachimba makaa ya mawe waliona bora wajitenge.

Sasa nirudi kwenye njia ya Rovers. Tarehe 1 Oktoba mwaka 2016 nilikuwa uwanjani Craven Park wakati wao na Salford walipocheza mechi moja ya kuamua nani abaki Super League. Rovers waliongoza 18-10 na muda ulikuwa umebaki kama dakika mbili. Salford wakapata trai, kisha wakapata nyingine pembeni kabisa muda ukiwa unakwisha, ikawa 18-18, na katika muda wa nyongeza, ambamo pointi ya kwanza ndiyo humaliza mechi, Gareth O'Brien wa Salford akaudondosha mpira na kuupiga kutoka karibu na nusu ya uwanja. Ulipita. Uwanja mzima ulinyamaza isipokuwa kona moja ya wageni. Mzee niliyekuwa nikikaa jirani naye msimu mzima aliikunja skafu yake mara nne, akaitia mfukoni mwa koti, kisha akaniuliza kama nitakuwepo Februari kwenye mechi ya kwanza ya daraja la chini. Nilikuwepo. Mwaka 2017 wakapanda tena kwa kushinda mechi, na kuanzia hapo wakajenga kikosi kilichonifanya nipige kelele siku ya Idi.

Sisi mashabiki wa Tanzania tunao msemo mzuri wa ushindi unaopatikana bila mpira kuchezwa: tunauita ushindi wa mezani, na hakuna anayejivunia ushindi wa namna hiyo mbele ya watani wake. Super League imeanzisha daraja la mezani. Mwaka 2022 viongozi wa raga ya ligi ya Uingereza waliingia ubia wa miaka 12 na kampuni ya masoko ya michezo ya IMG, na kuanzia msimu wa 2025 kupanda na kushuka kwa matokeo ya msimu kuliondolewa, badala yake kila klabu hupewa alama kati ya 20. Idadi ya mashabiki na jinsi klabu inavyowafikia ina alama 5, fedha zina alama 4.5, uwanja una 3, jamii inayoizunguka klabu ina 2.5, na matokeo ya uwanjani, yaani kazi yenyewe ambayo wachezaji wanaumia kwa ajili yake, yana alama 5 tu. Robo moja.

Walioonja uchungu wa kwanza ni London Broncos. Mwezi Oktoba 2023 walikwenda Toulouse na kushinda fainali ya daraja la pili, wakapanda kwa haki. Siku chache baadaye alama za majaribio zikatangazwa na London wakawekwa nafasi ya 24. Maana yake ni kwamba waliuanza msimu wa 2024 katika ligi kuu wakijua kwamba wakishinda au wakishindwa, kwa vyovyote vile wataondoka. Ninaomba msomaji ajiweke katika nafasi ya kijana aliyefunga trai katika fainali ile, kisha aingie mazoezini Novemba akiwa na habari hiyo kichwani. Ni mwalimu gani anaweza kumwambia ajitume?

Ninaijua hoja ya upande wa pili na ninaiheshimu. Klabu inayohofia kushuka kila mwaka haijengi shule ya vijana wala haitengenezi uwanja, bali hununua wachezaji wa miezi sita ili ijiokoe, na inaposhuka, wanaopoteza kazi ni pamoja na mfua jezi na mkata tiketi. Tena NRL, ligi kuu ya raga hii kule Australia, haina kupanda wala kushuka kabisa, nayo ndiyo ligi yenye nguvu kuliko zote. Lakini Australia wana fedha za televisheni zinazogawiwa klabu zote, wana kikomo cha mishahara kinachosimamiwa, na kikosi kinachotoka kwenye vitongoji, kama Penrith waliotwaa ubingwa mara 4 mfululizo kuanzia 2021 hadi 2024, kinaweza kutawala kwa sababu kililea vijana wake vizuri. Uingereza imeuchukua mlango wa NRL uliofungwa bila kuichukua nyumba iliyo nyuma yake. Kama klabu zingekuwa na uhakika wa kipato, ningeweza kuvumilia kufungiwa. Ila kufungiwa katika umaskini hakumsaidii yeyote.

Ushahidi wangu ni Salford, walewale walioizamisha Rovers mwaka 2016. Alama zao ziliwaweka ndani ya timu 12 za msimu wa 2025. Klabu ikabadilisha wamiliki, fedha zilizoahidiwa zikawa hazionekani, ligi ikawawekea kikomo kikali cha mishahara, na mwezi Februari wakaenda kuanza msimu kwa St Helens wakiwa na vijana wengi ambao wasingepaswa kuwa pale. Baba alikuwa kwangu usiku ule, nami nikamwekea mechi kwenye televisheni. Wale vijana walikuwa wakikaba, wanainuka, wanarudi nyuma mita kumi, wanakaba tena, na kila nilipomtazama baba alikuwa akizidi kusogea mbele ya kiti. Ilikwisha 82-0. Aliniuliza swali moja tu: “Mwanangu, hawa wamelipwa?” Nilimjibu kwamba nadhani wamelipwa. Katika msimu ule mishahara ya Salford ilichelewa mara kadhaa, wachezaji wakaondoka mmoja baada ya mwingine, mwezi Agosti mechi yao na Wakefield haikuchezwa kwa sababu hawakuwa na kikosi cha kuingia uwanjani kwa usalama, na Wakefield wakapewa ushindi wa mezani. Desemba mahakama iliamuru kampuni ya klabu ifungwe. Klabu ilianzishwa mwaka 1873.

Mchezo uliozaliwa kwa sababu ya ujira wa siku moja umewaacha wachezaji wake wakisubiri mshahara huku meza ikihesabu wafuasi wa mitandaoni. Sioni namna ya kulisema jambo hilo kwa upole zaidi.

Suala la majeraha ya vichwa nalo liko palepale, kwa sababu mwili wa mchezaji ndio mtaji wake wote. Bobbie Goulding, nahodha wa St Helens waliotwaa mataji mwaka 1996, aligunduliwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu akiwa na miaka 49, na yeye pamoja na wachezaji wenzake wa zamani wameishitaki mamlaka ya mchezo nchini Uingereza. Wapo mashabiki wanaolalamika kwamba kadi zimekuwa nyingi na kwamba kukaba kumelainishwa. Mimi siungani nao. NRL inamtaka mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo akae nje kwa kawaida siku zisizopungua 11, na ningependa muda huo uwe mrefu zaidi, tena daktari anayeamua asiwe anaajiriwa na klabu popote pale mchezo huu unapolipwa.

Kuhusu kupanuka kwa NRL nina maneno machache. Papua New Guinea, nchi ambayo raga ya ligi ndiyo mchezo wa taifa, itaingiza timu mwaka 2028 kwa msaada wa dola milioni 600 za Australia kutoka serikali ya Australia kwa miaka 10, nami ninaifurahia kwa moyo wote, hata kama fedha hizo zina siasa zake. Safari za NRL za kwenda kufungua msimu Las Vegas, Marekani, sina haja nazo. Kinachoniuma ni kwamba Kombe la Dunia la mwaka 2026 litakuwa na timu 10 za wanaume na hakuna hata moja ya Afrika, wakati Afrika Kusini ilicheza mwaka 1995 na 2000, na wakati Billy Boston, mtoto wa baharia kutoka Sierra Leone aliyefunga trai 571, alilazimika kusubiri hadi Juni 2025, akiwa na miaka 90, ndipo awe mchezaji wa kwanza wa raga ya ligi kupewa heshima ya kuitwa Sir.

Super League ya 2026 imeongezwa timu kuwa 14, na York, Bradford na Toulouse wameingia. Nawakaribisha wote watatu, maana ni miji inayostahili. Ombi langu ni dogo kuliko watu wanavyodhani: wahesabu fedha na viwanja kama sharti la kuingia mlangoni, wazikague hesabu za wamiliki wapya kabla ya kuwakabidhi klabu, kisha timu ya mwisho ishuke na bingwa wa daraja la pili apande. Salford wapya wameanza upya daraja la chini kwa jina la zamani. Mechi zao nyingi haziwezi kuonekana kutoka hapa, ila matokeo hufika, na baba ameniomba niwe ninamsomea kila Jumatatu.